Mbuzi wa Mwenyekiti

(Shule ya msingi, juu ya kilima kimoja karibu na soko la Nyamache, Kaunti ya Kisii. Ijumaa, saa mbili asubuhi. Mbuzi dume amefungwa kwenye mkaratusi. Juu yake imening'inia rimu ya gurudumu la lori, ambayo ndiyo Kengele ya shule. Chini ya bati la jikoni Sufuria kubwa ya githeri imelala kifudifudi, na Redio ya soja imetundikwa kwenye msumari, betri zikiwa karibu kukata roho. Jina la shule silitaji. Kila msomaji wa Bobasi atadhani ni ya kwao, na wengi watakuwa wamepatia.)

MBUZI: Bwakire buya, sokoro; habari za asubuhi, babu. Samahani kwa kukusumbua mapema. Hapa ni wapi?

KENGELE: Bwakire, momura, kijana wangu. Uko shuleni. Uliletwa jana jioni kwa bodaboda, miguu imefungwa, ukilia kuishinda honi.

MBUZI: Mimi nakumbuka kona tu. Nani aliyenileta?

KENGELE: Mwenyekiti wa Bodi. Leo wazazi wanachagua wawakilishi wao, naye anataka kurudi.

MBUZI: Kwani alikuwa ameondoka?

SUFURIA: Hajawahi kuondoka. Kinachomsumbua ni hiyo habari kwamba huenda akaondoka.

MBUZI: Na mimi nahusika vipi?

SUFURIA: Wewe unahusika na mimi. Usiniangalie hivyo, mjukuu wangu. Kazi yangu ni githeri. Nyama huiona mara moja kila miaka 3, tena hainijii kwa hiari yangu wala yake.

MBUZI: Magokoro, bibi yangu, ngoja tuelewane. Mwenye kunileta akishinda, nachinjwa?

SUFURIA: Kwa furaha.

MBUZI: Na akishindwa?

SUFURIA: Hapo walioshinda watauliza ulinunuliwa kwa pesa za nani. Itaonekana ni za shule. Basi utakuwa mali ya umma, na mali ya umma hapa huliwa.

MBUZI: Kwa hiyo mimi ndiye mgombea pekee asiye na namna ya kushinda.

KENGELE: Usikate tamaa kabla ya saa tano.

MBUZI: Naomba basi nielezwe huo uchaguzi wenyewe, pole pole. Huenda una mlango wa nyuma.

KENGELE: Milango ya nyuma ndiyo mingi. Sikiliza. Sheria inayotumika ni Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Zamani shule kama hii ilikuwa na kamati tu, na zile za sekondari zilikuwa na bodi za magavana chini ya sheria ya 1968. Sasa zote zina Bodi ya Usimamizi. Wazazi huchagua watu 6. Bodi ya Elimu ya Kaunti huteua 1, walimu huchagua 1, kanisa mfadhili hutoa 3, makundi maalum katika jamii 1, watu wenye mahitaji maalum 1, na wanafunzi wana mwakilishi wao. Kisha Bodi ikijitazama na kuona imepungukiwa na ujuzi, inaruhusiwa kualika wengine, wasizidi 3.

MBUZI: Na huwa inapungukiwa?

KENGELE: Haijawahi kutosheka. Na ujuzi wenyewe hupatikana upesi, kwa shemeji.

MBUZI: Mshahara wao ni kiasi gani?

KENGELE: Hakuna mshahara. Kuna posho ya kikao, na soda.

MBUZI: Sokoro, mimi ni mbuzi, lakini bei yangu niliisikia ikibishaniwa sokoni kwa sauti kubwa. Mtu hatoi pesa zile zote akitafuta soda.

SUFURIA: Kijana ana akili. Nani amesema mbuzi ni wajinga?

MBUZI: Ni watu, na hasa mwaka wa uchaguzi.

SUFURIA: Basi nikueleze. Mimi sisomi sheria, lakini nakaa jikoni, na kila kinachoingia hapa hupita mbele yangu. Shule hununua mahindi, maharagwe, kuni, chaki, rangi, saruji na mawe. Kila kitu kina mtu wa kukileta, na mtu huyo hachaguliwi na mvua. Kuni zilizoletwa muhula uliopita zilikuwa lori moja. Kwenye karatasi zilikuwa mbili. Nimesubiri lile lori la pili mpaka leo, na mpishi anapikia majani ya mikaratusi.

KENGELE: Kisha kuna ajira. Walimu wa serikali huajiriwa na tume ya walimu, TSC, lakini TSC huacha mapengo, na mapengo hayo hujazwa na Bodi. Mpishi ni wa Bodi. Soja ni wa Bodi. Karani ni wa Bodi. Kila mmoja ana mama, baba, mke na ndugu. Huo ndio mtaji wa kura. Mgombea mwingine akija na maneno mazuri, anakuta nusu ya watu waliokaa kwenye madawati wanakula kwa mkono wa yule aliyeko.

MBUZI: Na pesa zenyewe zinatoka wapi?

REDIO (ikikwaruza): ...serikali hutoa shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, na shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi...

MBUZI: Huyo ni nani?

KENGELE: Redio ya soja. Huzimika katikati ya sentensi, lakini nusu anayoisema huwa kweli.

MBUZI: Hiyo sekondari msingi iko wapi?

KENGELE: Iko hapa hapa. Tangu Januari 2023, Gredi ya 7 ilipoanza, watoto hao waliwekwa kwenye shule za msingi. Unaona lile darasa la mabati? Hiyo ni Gredi ya 9. Huku kwenye matofali ni Gredi ya 6. Katikati ni nyasi, hatua kama ishirini hivi.

MBUZI: Mtoto akiwa upande huu ni 1,420. Akivuka nyasi ni 15,042?

KENGELE: Ndivyo.

MBUZI: Basi na mimi mnivushe.

SUFURIA: Utakuwa umevushiwa mfukoni mwa mtu. Umeona sasa kwa nini kiti hiki kimepata wapenzi? Enzi za kamati, watu walikuwa wakimbembeleza mwalimu mstaafu ili akikalie. Tangu Gredi ya 7 ifike, kuna waombaji mpaka wenye magari.

REDIO: ...hata hivyo fedha hizo huchelewa kufika shuleni, na mwaka 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba kwa wanafunzi wa sekondari bajeti haiwezi kufikia shilingi 22,244 zilizowekwa kwa kila... (Inakata.)

KENGELE: Umesikia. Pesa zikichelewa, shule hukopa mahindi. Ikikopa, humkopa nani? Huyo huyo aliyealikwa kwa ujuzi wake.

MBUZI: Lakini lazima kuna jambo alilolifanya. Miaka 3 ni mingi.

SUFURIA: Amejenga geti.

MBUZI: Lipi? Mimi sikupita kwenye geti lolote.

SUFURIA: Hukulipita kwa sababu hakuna ua. Geti liko pale peke yake, chuma kizito, limepakwa rangi ya bluu, lina jina lake na maneno "Elimu ni Mwanga". Jioni soja hulifunga kwa kufuli, kisha anazunguka kando yake na kwenda nyumbani. Ng'ombe wa jirani ndio pekee wanaoliheshimu, hujikuna pale.

KENGELE: Usisahau tangi.

SUFURIA: Ndiyo, tangi. Tangi jeusi lile. Lilinunuliwa kwa pesa za shule, likaandikwa "Mchango wa Mwenyekiti". Mwalimu mkuu alipouliza, akaambiwa mchango ni wazo.

KENGELE: Mimi aliniahidi kinga ya radi. Hapa Kisii radi si hadithi ya kutishia watoto. Mvua ya alasiri ikija hapa juu, kila mzazi hutazama darasa la mwanawe. Miaka 3 iliyopita alisimama chini yangu, mkono kifuani, akasema hakuna mtoto atakayesoma chini ya bati bila kinga. Kinga haijaletwa. Wingu likikusanyika, mimi hujihesabu kuwa ndiyo kinga yenyewe. Mimi ni chuma, niko juu ya mti, na hakuna mwingine aliyejitolea.

MBUZI: Kwa nini usiseme leo mkutanoni?

KENGELE: Mimi hugongwa, momura. Sijawahi kuulizwa nina la kusema. Nilitoka kwenye lori la kubeba majani ya chai, nikatundikwa hapa miaka ya maziwa ya Nyayo. Nimegongwa kwa mfumo wa 7-4-2-3. Ilipofika 1985 nikagongwa kwa 8-4-4. Sasa nagongwa kwa mtaala wa umilisi. Mitaala mitatu, na chuma cha kunigongea ni kile kile.

(Saa tatu na nusu. Vijana wawili wanapita wakibeba viti vya plastiki vilivyokodishwa. Mmoja anamminya Mbuzi mbavuni, anatikisa kichwa kwa kuridhika, anaenda zake.)

MBUZI: Yule ni daktari?

SUFURIA: Ni mpiga kura ambaye hajaamua.

MBUZI: Huyu Mwenyekiti amefanya kampeni gani, mbali na mimi?

KENGELE: Jumamosi iliyopita alikuwa kwa Waadventista, amekaa mstari wa mbele, Biblia mkononi. Jumapili alikuwa kwa Wakatoliki, mstari wa mbele, Biblia ile ile. Kanisa mfadhili hushauriwa kuhusu nani awe mwenyekiti, kwa hiyo wokovu wake una ratiba. Lakini kazi kubwa huifanya mazishini. Hakuna mtu anayezikwa Nyamache bila yeye kupewa nafasi ya kusema machache. Husema marehemu alikuwa rafiki yake wa karibu, kisha husema mambo ya geti.

SUFURIA: Wiki jana alimsifu marehemu kwa jina la ndugu yake aliye hai. Ndugu mwenyewe alikuwa amekaa pale. Akasimama na kushukuru.

MBUZI: Watoto wake wanamwonaje kazini? Wako gredi gani?

(Kimya. Hata Redio inajaribu kuwaka, inashindwa.)

KENGELE: Watoto wake wako akademia, Kisii mjini. Basi la manjano huwachukua saa kumi na moja alfajiri.

MBUZI: Sasa yeye ni mzazi wa nani hapa?

SUFURIA: Ana mpwa. Gredi ya 4. Alihamishiwa hapa Januari, kwa heshima ya uchaguzi.

MBUZI: Na wapinzani?

SUFURIA: Wako watatu. Mmoja ni mwalimu mstaafu, amekwisha kuahidiwa kiti cha wale 3 wa kualikwa, kwa hiyo leo anaumwa. Wa pili ni kijana mwenye duka la simu. Yeye hana neno na shule, anatazama udiwani, na Bodi ni ngazi ya kwanza. Atasema "vijana" mara nyingi. Wa tatu ndiye ambaye Mwenyekiti humwota usiku. Ni mama mmoja mchuma chai. Ana watoto watatu hapa, na daftari.

MBUZI: Daftari la nini?

SUFURIA: Anaandika. Kila shilingi ya lanchi aliyolipa, na tarehe. Kila siku mtoto aliporudi akisema githeri ilikuwa haina maharagwe, na tarehe. Siku nilipopikiwa mahindi yenye wadudu, aliandika, nikaona haya mimi. Mwaka jana alisimama mkutanoni akauliza: maharagwe yaliyonunuliwa ni magunia mangapi, na yaliyopikwa ni mangapi? Swali la dakika moja. Mwenyekiti akajibu kwa nusu saa, akianzia uhuru wa Kenya.

KENGELE: Akamalizia kwa kusema, "Mama, hilo tutaliongea nje ya kikao."

MBUZI: Waliliongea?

SUFURIA: Nje ya kikao liliongewa bila yeye. Watu wakaanza kusema huyo mama si wa hapa, ameolewa tu. Ameolewa hapa miaka kumi na mitano! Amezaa hapa, amemzika mume hapa, chai anayochuma imepandwa hapa. Lakini likifika suala la maharagwe, anakuwa mgeni.

KENGELE: Tena mgeni asiyeshukuru.

MBUZI: Nasikia kuna sheria ya wanawake. Theluthi mbili sijui nini.

KENGELE: Ipo, ni ya Katiba ya 2010. Jinsia moja isizidi theluthi mbili kwenye nafasi za kuchaguliwa au kuteuliwa. Mwenyekiti anaitii kuliko mtu yeyote. Kwenye orodha yake ya watu 6 ameweka wanawake wawili. Mmoja ni mkewe. Wa pili ni shangazi yake, ambaye hasikii vizuri na hupiga makofi akiona wengine wanapiga.

MBUZI: Basi huyo mama wa daftari anaweza kushinda. Wachuma chai ni wengi.

KENGELE: Ni wengi mno. Ndiyo maana mkutano umeitwa saa tano.

MBUZI: Sijaelewa.

KENGELE: Saa tano mchuma chai yuko katikati ya mistari, kapu mgongoni. Akitoka hapo hawezi kuja hapa, lazima apeleke majani kwenye kituo cha kununulia yakapimwe, asubiri lori la kiwanda cha Nyamache. Majani yakilala, yameharibika, na siku yake imekwenda. Kwa hiyo mwenye kuja saa tano ni nani? Ni mwenye duka, mwenye bodaboda asiye na abiria, na mtu anayelipwa na Bodi. Barua ya mwaliko ilikuwa nzuri sana. Iliwakaribisha wazazi wote.

SUFURIA: Tangazo la bonasi ya chai huwa halitolewi saa tano. Hapo husubiriwa watu wote wawepo, hasa wenye kulalamika kwamba wenzao wa mashariki mwa Bonde la Ufa wamelipwa zaidi.

KENGELE: Na mimi, momura, ndiye nitakayegongwa. Nitalia vizuri, bonde lote litasikia. Yule mama atanisikia kule juu akiwa na mikono imejaa majani.

(Redio inafufuka ghafla.)

REDIO: ...katika jiji la Chicago, Marekani, sheria ya mwaka 1988 iliipa kila shule baraza lake, lenye wazazi 6 waliochaguliwa...

MBUZI: Sita! Kama hapa!

REDIO: ...uchaguzi wa kwanza mwaka 1989 ulivuta umati mkubwa, lakini baadaye waliojitokeza walipungua, na shule nyingi zikakosa wagombea wa kutosha kujaza vi...

MBUZI: Huko nako wachuma chai wanapimiwa saa tano?

KENGELE: Kila mahali pana saa tano yake, nadhani. Tofauti ni kwamba huko viti hukosa watu. Hapa watu huwania kiti mpaka wakinunue, kisha wanakaa wakijiuliza kwa nini wazazi hawaji.

MBUZI: Huko wagombea huchinja nini?

SUFURIA: Redio imekata. Utakufa bila kujua.

(Saa tano kasoro. Soja anachukua kipande cha chuma na kuigonga Kengele mara nyingi. Watu wanaingia katika darasa la Gredi ya 6, ambalo madirisha yake hayana vioo, kwa hiyo kila kitu kinasikika. Afisa kutoka ofisi ya elimu ya kaunti ndogo amefika kwa pikipiki, helmeti mkononi. Mwenyekiti amevaa suti.)

MBUZI: Sokoro, wewe uko juu. Nisimulie.

KENGELE: Maombi yamefanyika. Mwalimu mkuu amesoma ajenda. Mwenyekiti anasimama. Anasema hakutaka kugombea. Ni wazee waliomfuata nyumbani usiku.

SUFURIA: Wazee gani? Soja alilala huko, amesema aliyekuja usiku ni mtu wa kudai pesa za kuni.

KENGELE: Anasema kazi imeanza, isikatizwe. Anasema atamalizia ua, ili geti lipate maana. Anasema kinga ya radi iko njiani.

MBUZI: Iko njia gani?

KENGELE: Hakutaja. Vijana wanapiga kelele: "Tatu tena! Tatu tena!" Shangazi anapiga makofi. Kijana wa simu amesema "vijana". Sasa wanataka kupiga kura. Wengine wanaomba mlolongo, wengine mikono.

MBUZI: Mlolongo ni nini?

KENGELE: Watu kupanga foleni nyuma ya wanayemtaka. Ulitumika nchi nzima mwaka 1988, kwenye mchujo wa chama cha KANU. Nilikuwa hapa hapa. Sehemu nyingi mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu, na mtu aliyeona kwa macho yake akaambiwa hajui hesabu. Wazee bado wanakumbuka, kwa hiyo wamechagua mikono. Mikono ina heri yake: ukishusha haraka, hakuna aliyekuona. Wameanza kuhesabu.

MBUZI: Sufuria, magokoro, sogea mbali kidogo na moto.

SUFURIA: Moto haujawashwa.

MBUZI: Sogea tu.

KENGELE: Subirini. Mlango umefunguliwa. Ni yule mama. Ameingia na kapu mgongoni, majani yamo ndani, hajaenda kupima.

SUFURIA: Hasara yake ya leo!

KENGELE: Ameweka kapu sakafuni. Haombi kura. Anamuuliza afisa: hawa waliopandisha mikono wana watoto gani hapa? Vijana wanamzomea. Afisa anasema ni swali halali, anaomba rejista ya wanafunzi iletwe, yenye majina ya wazazi. Mwalimu mkuu ameenda kuitafuta. Anaitafuta. Anaitafuta tena kwenye kabati alilokwisha kutafuta. Amerudi nayo. Wanasoma majina. Vijana watano wa bodaboda wanakumbuka abiria.

MBUZI: Na Mwenyekiti?

KENGELE: Ametulia. Anasema yeye ni mlezi wa mwanafunzi, Gredi ya 4, jina ni hili hapa. Kweli, jina lipo. Yule mama anasema: basi aitwe tumsalimie.

SUFURIA: Mtoto yupo?

KENGELE: Kiranja ametumwa. Gredi ya 4 wanasema hawamjui. Mwalimu wa darasa anatazama viatu vyake. Mwenyekiti anapiga simu, pembeni, kwa sauti ya chini. Anasema mtoto alikuwa na homa, analetwa sasa hivi.

(Muda unapita. Viti vya plastiki vinalia. Pikipiki inapanda kilima, inazunguka geti, inasimama. Mtoto anashuka.)

MBUZI: Ni yeye?

KENGELE: Ni yeye. Ameingia. Amesimama mbele ya watu, anatabasamu. Mtoto mzuri, mwenye adabu.

SUFURIA: Sasa mbona wanacheka?

KENGELE: Amevaa sweta la akademia.

(Vurugu. Kila mtu anasema. Shangazi anapiga makofi peke yake. Baada ya robo saa afisa anatoka nje na helmeti kichwani, akitangaza kwamba uchaguzi umeahirishwa kwa wiki mbili mpaka rejista ihakikiwe jina kwa jina. Watu wanatawanyika. Mama anabeba kapu lake na kukimbilia kituoni. Mwalimu mkuu, akivutwa mkono huku na huku, anaiacha rejista juu ya benchi chini ya mkaratusi. Mwenyekiti anasimama mbele ya Mbuzi, anamtazama kwa muda.)

SUFURIA: Anasema nini na soja?

KENGELE: Anamwambia amlishe vizuri, asikonde. Wiki mbili.

MBUZI: Wiki mbili! Nimeongezewa muda bila kura hata moja!

SUFURIA: Hongera, mheshimiwa.

MBUZI: Sokoro, na wiki mbili zikiisha? Wanaweza kuahirisha tena?

KENGELE: Wakikosa kuhakiki, wataahirisha. Jumamosi Waadventista hawaji, Jumapili Wakatoliki hawaji, siku za katikati kuna majani. Mkutano mwingine wa shule jirani uliahirishwa mpaka mwanafunzi mwakilishi akamaliza shule.

MBUZI: Kwa hiyo kinachohitajika ni rejista isihakikiwe.

KENGELE: Kwa nini unaongea kama mtu wa Bodi?

MBUZI: Nauliza tu. Kamba hii inafika wapi?

SUFURIA: Inafika kwenye benchi. Kwani?

(Kimya kirefu, chenye sauti ya kutafuna.)

KENGELE: Momura. Unakula nini?

MBUZI: Wazazi wa Gredi ya 1.

KENGELE: Mate yako! Hiyo ni rejista ya shule!

MBUZI: Sokoro, wewe uligongwa saa tano ukalia. Magokoro alipika mahindi yenye wadudu akanyamaza. Mimi nina siku moja hapa, msinifundishe uadilifu na kamba iko shingoni. Gredi ya 2 ina chumvi kidogo.

SUFURIA: Unajisumbua, mjukuu wangu. Walipokuwa wakisoma yale majina kwa sauti, mlimwona yule mama alikuwa akifanya nini?

KENGELE: Alikuwa ameinama. Nilidhani amechoka.

SUFURIA: Alikuwa anaandika. Yote, kuanzia la kwanza. Yako kwenye daftari.

(Mbuzi anaacha kutafuna.)

MBUZI: Lina jalada gumu au laini?